Muziki wa Chumba cha Stoo

Watu wa mtaani waliamini kwamba hakuna mpenzi wa kwaya aliyemshinda Bibi. Kila Jumapili mchana, wakati wa mazoezi, alikuwa kwenye kiti cha mbele, mikono mapajani, akimtazama mwanawe akiongoza. Mwanawe huyo alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi, lakini hakuna aliyemwita mfamasia. Wote, hata mkewe, walimwita Mwalimu, kwa ajili ya ile kwaya ya mtaa aliyoianzisha mwenyewe na kuilea kama mtoto wa kuzaa. Wimbo ukiisha, Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Mwalimu naye aligeuka na kumtafuta mama yake kwa macho kabla ya kumtazama mtu mwingine yeyote, na Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ukweli ni kwamba Bibi alikuwa hasikii kitu cha maana. Alijua wimbo umekwisha kwa kuona mabega ya mwanawe yakishuka.

Masikio yake yaliharibikia kiwandani. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, kati ya mashine za kufuma, mahali ambapo ukitaka kumwomba mwenzako mkasi hukupoteza nguvu kupiga kelele. Ulisema kwa midomo tu, naye akaisoma. Ndivyo Bibi alivyojifunza kusoma midomo, na ustadi huo ndio uliokuja kumficha baadaye. Usikivu ulimtoka polepole, ukianzia juu: kwanza ndege wa asubuhi, halafu kengele ya mlango, halafu sauti nyembamba za wanawake. Nyumbani walipogundua, Mwalimu hakutulia. Alimpeleka kwa mtaalamu wa masikio, akamtafutia kifaa kizuri kupita vyote. Siku ya kwanza Bibi alipokivaa, Mwalimu alimketisha sebuleni, akapiga magoti mbele yake, akamwimbia ubeti mmoja wa wimbo ambao Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, zamani, kabla hajamaliza kuota meno.

"Mama, unasikia?"

Kwa maneno, kifaa kilimfaa sana. Kwa muziki kilikuwa balaa. Sauti ya mwanawe, ambayo angeitambua hata usingizini, ilimfikia kama ya mtu anayeimba akiwa ndani ya debe, na debe lenyewe linaburutwa barabarani. Lakini Mwalimu alikuwa pale magotini, uso umejaa matumaini kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Ungemjibu nini?

"Nasikia vizuri, mwanangu," Bibi alisema. "Vizuri kabisa."

Tangu siku hiyo akawa mfungwa wa jibu lake.

Mambo yalikaa hivyo mpaka Chiriku aliporudi nyumbani. Chiriku ni binti wa Mwalimu, mtoto wake wa pekee, na jina hilo alipewa na Bibi kwa sababu utotoni mdomo wake haukujua kufungwa. Alikuwa amemaliza chuo na kupata kazi ya zamu ya asubuhi katika karakana ya kompyuta. Mchana wote ulikuwa wake. Aliomba apewe chumba cha stoo kilichopakana na chumba cha Bibi. Akatoa ngazi, magunia na baiskeli mbovu, akaingiza spika mbili kubwa, kinanda chenye vibonye vilivyong'oka, maikrofoni, na nyaya nyingi hata mama yake, muuguzi ambaye zamu zake hazikuwa na kichwa wala miguu, alisema stoo imegeuka wodi ya wagonjwa mahututi.

Alichokifanya humo alikiita muziki wa kielektroniki wa majaribio. Alipita mitaani akirekodi feni, lango la chuma, mvua juu ya bati, hata pumzi zake mwenyewe. Kisha aliziingiza sauti hizo kwenye kompyuta, akazivuta, akazikunja, akazipandisha moja juu ya nyingine mpaka usijue lipi lilikuwa lango na ipi ilikuwa pumzi. Hakukuwa na ubeti, hakukuwa na kiitikio, wala mdundo wa kumwinua mtu kitini.

Mwanzoni Mwalimu alijitahidi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Wimbo unaanza lini?"

"Umeshaanza, Baba. Tuko katikati."

"Aa." Akasikiliza tena, kichwa upande. "Na hicho kinacholia kama friji inayokata roho?"

"Ni friji."

Mwalimu akaondoka zake. Tangu hapo kukawa na vita baridi ndani ya nyumba. Mwalimu alisema muziki ni kitu ambacho mtu anaondoka nacho mdomoni, akakiimba njiani, na kwamba yeye hajawahi kumwona mtu akitembea barabarani akiimba friji. Chiriku alijibu kwamba si kila kizuri ni cha kuimbwa. Mbona harufu ya mvua haiimbiki na watu wanaipenda? Hawakukubaliana hata siku moja. Na kila mara Mwalimu alipoishiwa hoja, alimalizia kwa ile ile ambayo binti yake hakuweza kuijibu.

"Halafu bibi yako yuko ukuta wa pili. Mtu mzima anahitaji kupumzika."

Bibi mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Mchana mmoja Bibi alikuwa amejilaza, kifaa chake cha sikio kimewekwa kwenye kikombe kando ya kitanda, dunia imenyamaza. Ndipo alipohisi kitu. Kilikuja kupitia mbao za kitanda, kikaingia mbavuni taratibu. Alidhani ni lori. Lakini lori hupita, na hiki hakikupita. Kilikaa, kikakua, kikagawanyika vipande viwili, kimoja kikashuka chini ya kingine na kuanza kutembea pembeni, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Bibi aliweka kiganja ukutani. Alikaa hivyo muda, mkono umenyooka, mdomo wazi kidogo. Kisha akavaa kandambili na kutoka.

Alipofungua mlango wa stoo, Chiriku aliruka na kuzima kila kitu.

"Samahani, Bibi," alisema, akimtazama usoni ili asomeke vizuri. "Nimekuamsha. Nilidhani nimepunguza."

"Nani kakwambia uzime?"

"Si umekuja kulalamika?"

"Washa," Bibi alisema, akavuta kigoda.

Chiriku akawasha kwa mashaka, akiongeza sauti kidogo kidogo kama mtu anayefungua bomba asilolijua. Bibi alisogeza kigoda mpaka magoti yake yakagusa spika, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Sasa alisikia kwa mikono, kwa magoti, na kwa ule usikivu wake uliobaki, ambao bado ulizipokea sauti nzito bila taabu. Alisikia kitu kizito kikisogea na juu yake vitu vidogo vikidondoka, vikikwaruza, vikinyamaza. Na jambo lililomshangaza ni kwamba hakuwa akibahatisha. Kwenye nyimbo za kwaya alijua zinavyotakiwa kuwa, kwa hiyo kila alichosikia kilikuwa picha iliyochanika, naye alichoka kuunganisha vipande. Hapa hakujua kilichotakiwa kuwapo, kwa hiyo hakuna kilichopungua. Alichosikia ndicho kilichokuwapo, na kilikuwa chake chote.

Chiriku akasubiri mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kinakukumbusha kiwandani, Bibi?"

"Kiwandani?" Bibi alimkazia macho. "Zile kelele nilizichukia kila siku niliyoamka. Mbona mkimwona mzee mnadhani kila kitu anakumbuka? Sikumbuki chochote mimi. Hiki ni kipya."

"Basi umekipenda?"

"Mwanzo nimeupenda. Katikati umeogopa."

"Nimeogopa?"

"Kulikuwa na kitu kikubwa kinakuja. Tumbo langu lilishajiandaa kukipokea. Wewe ukakikata, ukaleta vitu vidogo vidogo vya kuchekesha watu."

Chiriku akairudisha kazi yake nyuma mpaka pale katikati. Marafiki zake walimwambia kila kazi yake ni safi, wakaendelea na simu zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia ameogopa. Na ni kweli pale aliogopa. Alidhani kile kitu kikija chote, wasikilizaji watachoka.

Baada ya hapo Bibi akawa mteja wa kila mchana. Mwalimu akiwa dukani, wao wawili walikuwa stoo. Wala usidhani alikuwa akimpaka mjukuu wake mafuta. Kazi moja aliikataa kabla haijafika nusu. "Hii inajisifu," alisema. "Itoe." Nyingine, iliyotengenezwa kwa pumzi, aliisikiliza paji la uso likiwa limeegemea spika, na ilipokwisha alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akakataa kueleza. Chiriku alianza kuzitengeneza upya kazi zake kwa ajili ya onyesho alilokuwa akiliandaa, safari hii akiwaza mtu mmoja ambaye hawezi kudanganywa.

Basi ikaja jioni moja mezani. Mkewe Mwalimu alikuwa kazini, wakala watatu. Mwalimu alisafisha koo.

"Nimeamua, mwanangu. Mwisho wa mwezi stoo irudi kuwa stoo. Tafuta mahali pengine pa kufanyia majaribio. Mama hawezi kuishi na mtikisiko kichwani kutwa nzima."

Chiriku alimtazama Bibi. Bibi akaweka kijiko chini.

"Mimi haunisumbui."

"Mama, usimtetee."

"Simtetei. Naupenda muziki wake."

Mwalimu akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu anavyomchekea mtoto aliyesema anataka kuoa. Akanyoosha mkono, akampigapiga mama yake begani. "Mama bwana. Wewe uliyenifundisha kuimba? Wewe usiyekosa mazoezi? Huo hata si muziki wa rika lako."

Labda ni kule kupigwapigwa begani. Bibi alikuwa ameshanuia kulimeza neno lake tena, kama alivyolimeza kila Jumapili, lakini safari hii lilikataa kushuka.

"Kwaya yako siisikii," alisema.

"Husikii vipi?"

"Tangu uninunulie kifaa. Hata kabla. Naona midomo, naona mikono yako. Sauti zinanifikia zimevunjika, siwezi kujua ni wimbo gani mpaka niwaone mnatamka. Nilikuambia nasikia kwa sababu ulikuwa umepiga magoti." Akamgeukia Chiriku. "Wa huyu mtoto nausikia. Wote. Wenyewe tu, bila kumtazama mtu mdomoni."

Mwalimu hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. Alitazama sahani yake, akakunja kitambaa cha mkono mara mbili, akainuka na kwenda chumbani. Chakula chake kikapoa mezani.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa adabu. Mwalimu alisalimia, aliuliza kama Mama amekunywa dawa, akaenda kazini. Jumapili ikaja na hakuna aliyemwambia Bibi ajiandae, naye hakuuliza. Alikaa chumbani, akijilaumu. Alijiambia kwamba angeweza kunyamaza mpaka kufa. Wangapi wamefanya hivyo na hakuna aliyeumia? Stoo nako kulikuwa kimya. Chiriku alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, anafanya kazi yake peke yake, kwa heshima ya msiba ambao haukuwa na marehemu.

Mwalimu ndiye aliyevunja ukimya. Alirudi mapema, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, akageuka ili uso wake uwe kwenye mwanga wa dirisha.

"Nieleze," alisema. "Tukiimba, unasikia nini hasa?"

Bibi akamweleza kila kitu: debe, picha zilizochanika, sauti za wanawake zilizokuwa kama chuma juu ya kioo. Mwalimu alisikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa dukani, bila kumkatiza.

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini kila Jumapili?"

"Nilikuwa nakuja kukutazama wewe. Mgongo wako ukifurahi naujua. Nimeubeba."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu, lakini lile pande la barafu lililokuwa kati yao lilikuwa limepasuka. "Nilidhani ni mimi," alisema. "Nilidhani kwaya imeharibika na hakuna anayethubutu kuniambia." Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuuona ugonjwa akauacha bila dawa, akauliza, "Na sauti nzito? Zile za chini unazipata?"

"Nikizikaribia, ndiyo."

Jumapili iliyofuata Mwalimu alifanya jambo lililowashangaza wanakwaya. Alichukua kiti cha Bibi kutoka safu ya mbele, akakipandisha jukwaani, akakiweka katikati ya wanaume wa besi. Mbele yake alisimama muuza nyama wa sokoni, mtu mwenye kifua kama pipa na sauti ya kutikisa madirisha. "Mama ataweka mkono mgongoni kwako," Mwalimu alimwambia. "Geuka hivi. Usione haya." Muuza nyama aliona haya hata hivyo, akaanza wimbo kwa kukohoa. Lakini walipoingia ubeti wa pili alisahau, na Bibi, kiganja juu ya shati lake lililolowa jasho, akaupata wimbo. Hakuupata wote. Maneno yalibaki midomoni mwa watu na sauti za juu zilibaki kelele. Ila sakafu ya wimbo, kile ambacho wengine wote walikuwa wamesimama juu yake, ilipita mkononi mwake ikiwa nzima. Mwalimu alipogeuka kumtafuta safu ya mbele kwa mazoea, hakumwona. Ilibidi amtafute katikati ya waimbaji wake. Bibi hakutikisa kichwa. Alikuwa amefumba macho.

Njiani kurudi nyumbani Mwalimu aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, lile onyesho la Chiriku ni lini.

Lilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye ghala lililokuwa la fanicha zamani, lenye sakafu ya mbao. Mwalimu alikwenda shingo upande, amevaa koti lake la sherehe kwa sababu hakujua mtu huvaa nini kwenye shughuli kama ile. Mlangoni kulikuwa na kijana mwenye nywele za rangi ya zambarau. Alipomwona Bibi, aliinuka kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bibi. Nadhani umekosea. Mkutano wa wastaafu uko jengo la pili."

"Marahaba. Nimekuja kusikiliza," Bibi alisema. "Wewe umekuja kufanya nini?"

Kijana akachanganyikiwa, akaomba radhi, akawatafutia viti. Watu walikuwa wengi kuliko Mwalimu alivyotarajia, karibu wote wa rika la Chiriku, wengine wameketi sakafuni. Bibi alivua viatu, akakanyaga mbao kwa nyayo tupu. Kisha akatoa kifaa sikioni na kukiweka kiganjani mwa mwanawe.

"Nishikie. Hapa sikihitaji."

Chiriku alikuwa mbele, nyuma ya meza yenye kompyuta na nyaya, uso umemkauka kwa hofu. Alipoanza, Mwalimu alifunga mikono kifuani kama mtu aliyeketi kwa daktari wa meno. Zikaja pumzi, ikaja friji, ikaja mikwaruzo. Mwalimu alitazama dari. Alitazama watu. Mwishowe, kwa kukosa cha kutazama, alimtazama mama yake, na hapo akaacha kutazama kwingine. Bibi alikuwa amekaa wima kitini, vidole vya miguu vimejikunja juu ya mbao, na usoni mwake mlikuwa na umakini ambao Mwalimu hakuwahi kuuona katika Jumapili zote zile. Alikuwa anafuata kitu. Nyusi zilipanda, zikangoja, zikashuka. Kwa mara ya kwanza Mwalimu alijiuliza ni kitu gani hicho, akajaribu kukifuata naye, kwa kuusoma uso wa mama yake.

Katikati, kile kitu kikubwa kikaja. Chiriku hakukikata. Alikiacha kije chote, kizito, mpaka mbao zikatetemeka na kijana wa nywele za zambarau akaacha simu yake. Mwalimu alikihisi kwenye soli za viatu vyake. Aliangalia kulia na kushoto, kisha taratibu, kama mtu anayejikuna, akavua kiatu kimoja.

Walipotoka nje jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Bibi alirudisha kifaa sikioni. Chiriku alitoka mwisho, begi mgongoni, akasimama mbele ya baba yake bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kama ombi.

"Sitakudanganya," Mwalimu alisema. "Sehemu kubwa ilikuwa kama kukaa ndani ya mashine ya kufulia."

Chiriku akacheka, mabega yakamlegea.

"Lakini ile sauti nzito ya mwisho, inayoshuka noti moja moja kama ngazi. Zile ngazi nazijua. Zile ni besi zangu. Umeniibia."

"Nimekusikia ukizifundisha tangu nikiwa tumboni, Baba. Ningemwibia nani mwingine?"

Mwalimu alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Basi kama umeiba, ungeiba vizuri. Ngazi ya tatu umeiruka. Njoo Jumapili usikie wanavyoishuka."

"Nimeiruka makusudi. Na nikija nitakuja na maikrofoni."

"Makusudi ya nini? Ngazi ikirukwa mtu anaanguka."

"Ndiyo maana yake. Nilitaka waanguke."

Wakashika njia ya nyumbani, Bibi katikati. Mwalimu alieleza kwa mikono, kama yuko jukwaani, kwa nini sauti haiwezi kuanguka bila kutayarishwa. Chiriku alimpinga, akatembea kinyumenyume mbele yao, akakaribia kugonga nguzo ya taa. Walikuwa wakizozana kama zamani, ila sasa kila mmoja alingoja mwenzake amalize sentensi. Bibi aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akajaribu kuisoma midomo ya wote wawili, mpaka shingo ikamuuma.

"Simameni," alisema.

Wakasimama kando ya barabara.

"Geukeni huku niwaone. Wote wawili mmekosea kuhusu ngazi, na mwisho ulikuwa mrefu mno. Sasa nisikilizeni."

Wakageuka, nyuso zao zikiwa kwenye mwanga, naye akaanza kuwaeleza.